Vitabu vyangu vimeniachia daftari la mashaka

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 31. Nimelelewa kanisani, na wanaonifahamu wote wanajua napenda kusoma. Miaka sita iliyopita nilianza kununua vitabu vya Kikristo vya mafanikio. Sitasema uongo, mwanzoni vilinijenga. Nilijifunza kuamka mapema, kupanga siku yangu, kuweka akiba na kuacha kulaumu watu kwa mambo yaliyokuwa mikononi mwangu.

Kimoja nilikishika kuliko vyote. Mwandishi wake anafundisha kwamba imani ni kanuni. Ukiitumia sawasawa inamfanyia kazi kila mtu, na isipofanya kazi, basi kuna shaka umeificha mahali fulani moyoni. Nilinakili maneno yake ya kukiri nikawa nayasema kila asubuhi mara ishirini.

Mwaka juzi baba aliugua saratani. Alipolazwa nilikaa kando ya kitanda chake nikimsomea maneno yale. Nilikataza mtu yeyote asitaje jina la ugonjwa mbele yake. Mdogo wangu alitaka kumuaga, nikamzuia. Nilimwambia kuaga ni kukiri kushindwa. Baada ya wiki saba baba akafariki. Hakuna aliyemuaga.

Mwaka uliofuata biashara yangu ya ushonaji ikafungwa baada ya miezi 14. Wateja wengi walichukua nguo kwa ahadi ya kulipa baadaye, nami niliwakubalia kwa kuwa nilisoma kwamba mkono unaotoa haupungukiwi. Nilipofunga nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu.

Sasa nina daftari. Naandika humo kila shaka ninayokumbuka kuwa nayo wakati baba anaumwa. Nimefika ukurasa wa 40.

Katikati ya haya, mfanyakazi mwenzangu ambaye si mtu wa kanisa aliniazima kitabu cha Marcus Aurelius, mfalme wa Roma. Kilinituliza. Kwa mara ya kwanza baada ya msiba nililala usiku mzima. Nikakipeleka kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia, na kiongozi wetu akaniambia nikichome. Alinisomea Wakolosai 2:8 na habari ya Waefeso waliochoma vitabu vyao. Tangu siku hiyo naona aibu. Nimewezaje kupata faraja kwa mpagani wakati vitabu vya Kikristo vimenikausha?

Niache falsafa? Niache vitabu vyote nibaki na Biblia peke yake? Na je, inawezekana shaka yangu ndiyo iliyomfanya baba asipone?

Mwenye Daftari

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza maswali mawili ya vitabu, halafu lile lililokufanya uandike ukaliweka mwisho kabisa, kama mtu aliyekwisha kuaga kisha akageukia mlangoni. Naanza na hilo, maana ukiendelea kulibeba, hata nikikushauri vizuri kuhusu vitabu hutanisikia.

Hapana. Shaka yako haikumuua baba yako. Amekufa kwa saratani.

Fungua Marko sura ya 9. Kuna baba amemleta mwanawe anayeteseka tangu utoto. Wanafunzi wamejaribu wameshindwa, na mzee wa watu amechoka. Anamwambia Yesu, "ukiweza neno lo lote, utuhurumie". Sikiliza hilo neno "ukiweza". Ni mtu mwenye shaka anayesema mbele ya Yesu mwenyewe. Yesu anamjibu kuhusu kuamini, na yule baba anapaza sauti: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kisha mtoto anaponywa. Kwa kipimo cha kitabu chako, mtoto yule hakupaswa kupona, kwa kuwa shaka ya mzazi wake haikuwa hata ya kufichwa. Ilitamkwa hadharani, watu wakasikia.

Sasa twende upande wa pili. Katika Matendo 19 tunasoma kwamba leso na nguo zilizotoka mwilini mwa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa, nao wakapona. Paulo huyohuyo, katika 2 Timotheo 4:20, anaandika hivi: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Basi. Hatafuti kosa la Trofimo, wala haorodheshi mashaka ya mtu yeyote. Mwenzake wa safari aliugua, hakupona wakati ule, naye Paulo akaendelea na safari, bila shaka kwa moyo mzito. Mtume aliyeona wagonjwa wakipona kwa leso hakuwa na kanuni ya kumponya rafiki yake kwa wakati alioutaka yeye.

Nimekaa na mstari huo miaka mingi. Sijawahi kuuona ukinukuliwa katika kitabu cha namna ya kile ulichokishika, na nadhani naelewa ni kwa nini.

Nina hasira na kitabu hicho, sitaificha. Sina hasira na wewe hata kidogo. Ulimpenda baba yako na ukatumia silaha uliyopewa. Ila uone silaha yenyewe ilivyotengenezwa: baba angepona, ushindi ni wa kanuni, asipopona, kosa ni lako. Fundisho lisiloweza kukosea hata siku moja, na ambalo likikwama humtwisha aliyefiwa, mtu hapaswi kulibeba kama neno la Mungu. Pia fikiri ni nani anayeandika vitabu vya ushuhuda. Ni yule aliyekiri kisha akapata. Waliokiri maneno yaleyale kwa machozi yaleyale wakazika hawakuandika. Kwa hiyo msomaji hukutana na waliofanikiwa tu, akadhani njia ile haijawahi kumwangusha mtu.

Inafaa pia ujue wazo hilo limetoka wapi, kwa sababu linavaa nguo za Biblia kiasi kwamba mtu hudhani lilizaliwa humo. Imani kwamba fikra na maneno ya mtu yana nguvu ya kuvuta afya na mali ilienea Marekani katika karne ya 19, ndani ya vuguvugu lililojulikana kama Fikra Mpya. Mwaka 1937 Napoleon Hill aliiweka katika kitabu cha kutafuta utajiri kilichouzwa sana, na wala hakukiandika kama kitabu cha kanisa. Wahubiri kadhaa walikuwa wameshaanza kuichanganya na mistari ya Maandiko, na mchanganyiko huo ndio umefika mkononi mwako ukiwa na msalaba kwenye jalada. Mwanangu, wewe unaona aibu kwamba umesoma mpagani mmoja. Ulikuwa umeshasoma falsafa ya dunia miaka sita bila kujua, kwa kuwa ilikuwa kwenye rafu ya vitabu vya kiroho.

Hapo ndipo ninapotaka tuitazame ile mistari aliyokusomea kiongozi wako. Nina hakika alikusudia mema, na wewe usimdharau. Lakini soma tena Matendo 19:19. Waliochoma vitabu Efeso ni "wale waliotumia mambo ya uganga". Walichoma vitabu vyao wenyewe, na thamani yake ilifika vipande vya fedha elfu hamsini. Uganga wa vitabu ni nini? Ni maneno yaliyopangwa, ukiyatamka kwa namna yake na kwa idadi yake, nguvu isiyoonekana inalazimika kutenda unalotaka. Marcus Aurelius hafundishi hivyo. Sasa nakuuliza kwa upole: maneno ya kunakili, mara ishirini kila asubuhi, bila kukosea, bila mtu kutaja jina la ugonjwa, yanafanana zaidi na kitabu kipi kati ya hivyo viwili?

Wakolosai 2:8 nao unasema tusifanywe mateka "kwa elimu yake ya bure ya madanganyo matupu". Paulo anazungumzia kutekwa. Paulo mwenyewe alikuwa amesoma. Alipofika Athene, katika Matendo 17, alijadiliana na wanafalsafa wa Kiepikureo na wa Kistoiko, na aliposimama Areopago akawanukulia washairi wao wenyewe: "Maana sisi sote tu wazao wake." Maneno hayo yamo katika utenzi wa Arato, mshairi wa Kiyunani aliyeishi karne tatu kabla yake. Mtu aliyetekwa hawezi kunukuu hivyo. Paulo alilitwaa neno la kweli alilolikuta kwao, akalitumia kuwaonyesha Mungu wasiyemjua.

Mtu aliyenifundisha kusoma vitabu vya watu wa nje bila woga ni Agostino. Alizaliwa mwaka 354 Afrika ya Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Akiwa kijana wa miaka kama 19, mbali kabisa na imani ya mama yake Monika, alisoma kitabu cha Cicero, Mrumi aliyekufa kabla Kristo hajazaliwa. Kitabu kile kikamwasha moyo autafute ukweli. Anasimulia kwamba jambo moja tu lilipunguza furaha yake: jina la Kristo halikuwamo. Baadaye akawasoma wafuasi wa Plato, mwanafalsafa wa Kiyunani, akaona kwao mengi yaliyofanana na mwanzo wa Injili ya Yohana, ila hakukuta humo kwamba Neno alifanyika mwili. Alibatizwa mwaka 387. Alipoangalia nyuma hakuona kwamba Cicero alimpoteza. Aliona Mungu alimpitisha pale.

Agostino ndiye aliyeandika kwamba kweli tunazozikuta kwa wanafalsafa ni kama dhahabu ambayo Waisraeli waliichukua Misri walipotoka utumwani. Mfano huo naupenda, nami huuendeleza kidogo, kwa sababu hadithi ya dhahabu ile haikuishia Misri. Katika Kutoka 32 watu walivua pete zao za masikioni, wakamletea Haruni, ikatoka ndama. Katika Kutoka 35 watu walewale wakaleta vyombo vyao vya dhahabu, ikajengwa maskani ya Bwana. Ni mzigo mmoja wa dhahabu uliotoka nchi moja. Kwa hiyo mimi siulizi tu kitabu kimetoka kwa nani. Nauliza nikimaliza kukisoma nimeanza kupiga magoti mbele ya nini. Kitabu chako cha mafanikio kilikufanya uiabudu imani yako mwenyewe, uipime, uilinde isichafuke kwa neno lolote, mpaka ukamzuia mdogo wako asimuage baba. Hiyo ni ndama, mwanangu, hata kama imenukuliwa Waebrania kila ukurasa.

Basi kuhusu Marcus. Usikichome. Si chako, kwanza. Ni cha kuazima. Lakini pia usimsome ukiwa umefumba macho. Kilichokutuliza nadhani nakijua. Marcus alikuwa Mstoiko, na Wastoiko hufundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu. Wewe ulikuwa umeambiwa kwamba uhai wa baba yako uko katika uwezo wa ulimi wako, akaja mfalme wa kale akakuambia hapana. Mtu yeyote angelala usiku huo. Kweli hiyo ilikuwa yako tangu zamani. Yesu aliuliza ni nani kwa kujisumbua anaweza kujiongezea kimo hata mkono mmoja.

Ila kuna mahali Wastoiko wataishia, nawe utaendelea peke yako. Epikteto, Mstoiko ambaye Marcus alimsoma sana, anafundisha kwamba unapombusu mtoto wako ujikumbushe kuwa unambusu mwanadamu afaye, ili akifa usifadhaike. Kuna hekima humo, na kuna baridi. Bwana wetu alijua kwamba baada ya dakika chache angemwita Lazaro atoke kaburini, na bado Yohana anaandika, "Yesu akalia machozi." Usiruhusu kitabu chochote kikufundishe kutomlilia baba yako. Cha mafanikio kilikukataza kuaga kwa sababu ni kukiri kushindwa. Marcus anaweza kukukataza kulia kwa sababu ni udhaifu. Wote wawili wasikilize kwa kiasi hapo.

Na kuna habari moja ya kuiweka akilini unapomsoma. Mwanzoni mwa kitabu chake Marcus anamshukuru mwalimu wake Rustiko, aliyemfahamisha maandishi ya Epikteto. Rustiko huyo baadaye alikuwa mkuu wa mji wa Roma, na katika miaka ya 160 ndiye aliyemhukumu kifo Justino. Justino alikuwa mwanafalsafa aliyeongoka, naye hakuacha kuvaa joho la wanafalsafa, kwa sababu aliamini kwamba katika Kristo ameipata falsafa ya kweli. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mwalimu bora wa utulivu na bado asimtambue mwenye haki aliyesimama mbele yake. Msome Marcus ukikumbuka majina hayo mawili, Rustiko na Justino, na utajua mipaka ya faraja yake.

Ukaniuliza kama ubaki na Biblia tu. Mwanangu, ukibaki na Biblia huku ukiisoma kama ulivyofundishwa na kitabu kile, mstari mmojammoja uliokatwa kama kipande cha kitambaa, utayakuta yaleyale. Wewe ni fundi, unajua kipande hakionyeshi vazi. Chukua Yeremia 29:11, mstari unaopendwa sana na waandishi wa mafanikio, ule wa mawazo ya amani. Soma sura nzima. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 10 unasema miaka sabini. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa wangezikwa ugenini kabla haijatimia. Mstari wa 8 na wa 9 unawaonya dhidi ya manabii waliowaahidi njia fupi. Chukua Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote". Rudi mistari miwili nyuma, utamkuta mfungwa anayesema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Hayo "mambo yote" ni pamoja na njaa.

Paulo mwenyewe hakubaki na kitabu kimoja. Katika sura ileile anayomtaja Trofimo, akiwa gerezani na kifo kikimkaribia, anamwagiza Timotheo alete joho lake "na vile vitabu, hasa vile vya ngozi". Hatuambiwi vilikuwa vitabu gani. Nafarijika tu kwamba mtu aliyekuwa karibu kumwona Bwana bado alitaka kusoma.

Kuhusu vitabu vya mafanikio, usivitupe vyote kwa hasira. Kilichokufundisha kuamka mapema na kuweka akiba kilikufundisha kweli, na Mithali ilikuwa imeshatutuma kwa chungu, yule mdudu mdogo, kujifunza hayohayo. Tofauti iko hapa: kitabu cha kazi kinachosema fanya hivi kwa kawaida utapata hivi, kisome, kijaribu, kisahihishe. Kikianza kusema Mungu analazimika, kifunge. Na biashara yako naomba uitazame kwa macho hayo ya kwanza. Umeniandikia mwenyewe kilichoifunga, ukapita haraka: uliwakopesha wateja mpaka ukashindwa kulipa kodi. Kumpa mhitaji ni sadaka. Kumkopesha mteja mwenye uwezo bila tarehe ya kulipa ni hesabu mbaya. Kosa hilo lina dawa. Siku utakapofungua tena, chukua malipo ya awali kabla ya kukata kitambaa, na sadaka uitoe katika faida. Ungekuwa umeandika kurasa 40 za majina ya wadaiwa badala ya mashaka, ungekuwa umeshalipwa nusu.

Ushauri wangu wa kusoma ni mdogo. Kwa miezi mitatu usinunue kitabu kipya. Soma Ayubu na Wafilipi, polepole, sura nzima kila unapokaa. Soma Marcus ukitaka, mrudishie mwenzako, na umwambie alikusaidia wapi na alikuacha wapi. Mazungumzo hayo anaweza kuwa ameyangoja. Na usisome peke yako. Yule towashi wa Kushi alipoulizwa na Filipo kama anaelewa anayoyasoma, alijibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Wewe umesoma miaka sita ukiwa na waandishi ambao hawawezi kukuona ukilia. Kiongozi wako wa kikundi mpelekee Yeremia 29, mwombe muisome wote. Huenda naye hajawahi kuisoma yote kwa mpigo.

Kuna jambo moja gumu limebaki, nalo halimo katika vitabu. Mdogo wako. Nenda kwake. Usimweleze fundisho, usimweleze mwandishi. Mwambie, "Nilikuzuia kumuaga baba, na nilikosea, nisamehe." Anaweza kukasirika. Mwache akasirike, ana haki hiyo. Akishatulia, nendeni pamoja kaburini mkaseme yale mliyonyimwa kuyasema.

Lile daftari usilisome tena kutafuta ni shaka ipi. Lifunge, uliweke mbali na kitanda chako. Kisha chukua Biblia yako na kalamu ya risasi, fungua 2 Timotheo 4:20, na pembeni mwa jina la Trofimo andika jina la baba yako.

Niandikie ukishatoka kwa mdogo wako.

Shangazi